Hakuna Fomu Iliyouliza Kuhusu Mikono Yangu

Matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari hapa Kenya, yakishatangazwa, simu yangu hailali. Hunipigia vijana, hunipigia wazazi wao, wengine nimewafundisha kaka na dada zao. Baada ya shikamoo mwalimu, swali ni lile lile: mtu hufanyaje hadi akawa mwalimu wa elimu maalum? Aingie chuo gani, alama gani zinatakiwa, namba ya TSC, yaani Tume ya Kuwaajiri Walimu, hupatikana vipi, na je, ni kweli kwamba waliosomea viziwi au wasioona huajiriwa upesi? Huwajibu kadiri niwezavyo, lakini muda wa simu ni mfupi na safari yenyewe ni ndefu. Nilianza kama mwalimu wa kawaida wa P1, yaani mwenye cheti cha kufundisha shule ya msingi, huko Kwale. Leo nafundisha watoto viziwi. Haya ndiyo ninayotamani kila anayeanza ayajue kabla hajalipa karo ya chuo.

Tuanze na makaratasi, kwa kuwa hayakwepeki. Hapa Kenya mtu haruhusiwi kufundisha bila kusajiliwa na TSC. Sheria ya tume hiyo ya mwaka 2012 yasema hivyo waziwazi. Lakini kusajiliwa si kuajiriwa, na hapo ndipo wengi huchanganyikiwa. Namba ya TSC ni idhini ya kusimama darasani. Mshahara wa TSC ni habari nyingine: nafasi hutangazwa, watu wakaomba, orodha ikapangwa. Mwaka 1998 serikali iliacha kumwajiri kila mwalimu aliyemaliza chuo, na tangu hapo wapo walimu wenye namba waliokaa miaka wakilipwa na wazazi wa shule, tena kwa mafungu. Nami nilikuwa miongoni mwao. Kwa hiyo kijana akiniuliza kama elimu maalum ni njia ya mkato ya kupata kazi, simwahidi. Namwambia watoto wapo na walimu waliosomea kuwafundisha ni wachache. Atangaze nani nafasi na lini, hilo haliko mikononi mwangu.

Mimi nilisomea Chuo cha Ualimu cha Shanzu, Mombasa, miaka miwili ya P1. Wanafunzi wapya hawapewi tena cheti hicho. Tangu mwaka 2021 wanaoingia vyuo vya walimu wa shule za msingi husomea diploma, ile tunayoiita DPTE, na kiingilio ni wastani wa C katika KCSE. Mtahiniwa mwenye ulemavu hukubaliwa na C ya kutoa. Sentensi hiyo naomba isipitwe mbio. Nimekutana na mzazi zaidi ya mmoja aliyekuwa na kijana kiziwi mwenye alama hizo nyumbani, hajui kwamba mlango wa chuo cha ualimu uko wazi kwake. Na kama kuna mtu tunayemhitaji mbele ya watoto viziwi, basi ni kijana huyo.

Anayetaka kufundisha sekondari kwa kawaida hupitia chuo kikuu. TSC humtaka awe alipata wastani wa C ya kujumlisha katika KCSE, na C ya kujumlisha pia katika masomo mawili atakayoyafundisha. Vyuo vikuu vya Kenyatta na Maseno hufundisha elimu maalum kwa kiwango cha shahada, na wenzangu kadhaa wamepitia huko.

Ukishamaliza chuo, siku hizi maombi ya usajili hufanywa mtandaoni. Utatakiwa uwe na vyeti vyako vyote kuanzia vya sekondari, kitambulisho, PIN ya KRA (namba ya mlipa kodi), picha ya pasipoti, fomu ya GP 69 iliyojazwa na daktari kuthibitisha afya yako, na cheti cha maadili mema kutoka Idara ya Upelelezi wa Jinai, ambacho hukipati bila kupigwa alama za vidole. Kwetu Pwani kuna jambo la kuangaliwa mapema: majina. Mtu huandikwa Fatuma katika cheti cha kuzaliwa, Fatma katika cheti cha mtihani. Jina la babu liko kwenye kitambulisho, halimo kwenye cheti cha chuo. Kabla hujatuma chochote, panga karatasi zako zote juu ya meza uzisome herufi kwa herufi, na penye tofauti nenda kwa wakili uape kiapo. Nimeona walimu wazuri wakikaa nyumbani kwa sababu ya herufi moja.

Niliyatimiza yaliyotakiwa wakati wangu, nikapata namba. Katika karatasi zote nilizojaza, hakuna iliyotaka kujua kama ninaweza kuzungumza na mtoto asiyesikia. Wakati ule hata mimi sikulifikiria.

Mwezi wa Januari mwaka 2003 elimu ya msingi ilifanywa bila malipo kote nchini. Aliyekuwa mwalimu mwaka huo hahitaji kuelezwa. Watoto waliingia kama waliokuwa wakisubiri nje ya ua. Wengine walikuwa wakubwa kwa umri, wengine hawajawahi kushika penseli, na miongoni mwao walikuwapo waliokuwa wamefichwa majumbani kwa sababu ya ulemavu. Katika darasa langu aliletwa mvulana mmoja na nyanya yake. Bibi yule alinishika mkono akasema, "Hasikii, mwalimu, lakini kichwa anacho." Alisema aliacha kusikia baada ya kushikwa na degedege akiwa mdogo sana.

Nilimkalisha mbele. Alinakili kila kilichoandikwa ubaoni kwa mwandiko ulioshinda wa wenzake wote, na walimu wenzangu waliniambia mtoto anaendelea vizuri. Lakini nilipompa neno "kuku" bila picha, kalamu ilisimama. Alikuwa akichora herufi. Hakuna aliyemwonyesha kwamba herufi zile zina kitu ndani yake, na mimi sikuwa na njia ya kumwonyesha, kwa maana kila njia niliyofundishwa Shanzu ilipitia sikioni. Tamka, rudia, imba, sikiliza hadithi, jibu maswali. Toa sauti katika mbinu hizo uone kitakachobaki.

Tulikwenda, mimi na nyanya yake, hadi kituo cha tathmini cha wilaya. Vituo hivi huitwa EARC, vilianza mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark, na mpaka leo ndipo mahali pa kwanza pa kumpeleka mtoto unayeshuku kwamba ana ulemavu. Mratibu alimvalisha vidude vya masikioni, akacheza sauti nyembamba na nzito, ndogo na kubwa, mtoto akitakiwa kudondosha kigae ndani ya kopo kila anaposikia. Muda mrefu kopo lilikaa kimya. Mratibu alinionyesha mchoro: mstari ulikuwa umekaa chini kabisa ya karatasi, pale ambapo mtu husikia lori likipita kando yake au hasikii kitu. Akaeleza kwamba mtoto huyu angefaa kwenda shule ya bweni ya viziwi, na kwamba kwa upande wetu zipo Kibarani kule Kilifi na Ziwani hapa Mombasa.

Nyanya aliuliza swali moja tu. "Huko wana lugha yake?"

Nilirudi Kwale nikiwa na swali hilo, na ndilo lililonipeleka Kasarani.

Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya, KISE, iko Kasarani, Nairobi, na iliundwa mwaka 1986. Wakati nikituma maombi nilikuwa tayari nimeajiriwa na TSC, hivyo niliambatisha cheti cha P1, namba yangu na barua ya mwalimu mkuu, nikaomba ruhusa ya masomo, nikaenda kukaa bwenini kwa miaka miwili ya diploma. Wenzangu wengi walichagua kusoma kwa masafa: walibaki na madarasa yao, wakakutana na wakufunzi likizo za Aprili, Agosti na Desemba. Njia zote mbili ni halali. Anayesoma kwa masafa hupata faida ya kujaribu Jumatatu alichofundishwa likizo, na kwa mama mwenye watoto wadogo ni njia ya huruma zaidi. Lakini kwa anayesomea uziwi nitashauri akae bwenini kama anaweza. Sababu yake inakuja.

Kwanza kuna kuchagua eneo. Elimu maalum si somo moja. Pale mtu huchagua: uziwi, kutoona, ulemavu wa akili, ulemavu wa viungo, usonji, uziwi pamoja na kutoona, na mengineyo. Wapo waliochagua kwa uvumi kwamba eneo fulani lina nafasi nyingi. Mimi nasema chagua kwa mtoto unayemjua. Utakaposoma usiku ukichoka, ni yule mtoto atakayekushikisha kitabu. Uvumi hauna nguvu hiyo.

Kila mmoja wetu alionjeshwa kidogo maeneo ya wenzake. Nilijifunza misingi ya breli: nukta sita katika kila kijumba, na kwa kutumia sahani na kitoboleo unaandika kutoka kulia kwenda kushoto, ukitoboa kwa nyuma, ili karatasi ikigeuzwa vidole visome kutoka kushoto kwenda kulia. Mwezi mzima vidole vyangu viliuma na bado nilikuwa nasoma kama mtoto wa nasari. Hapo ndipo nilipoelewa ukubwa wa kazi ya mwalimu wa wasioona. Nilielewa pia kosa linalofanyika mara kwa mara nchini: mwalimu huandikwa "elimu maalum" kwenye faili, kisha hupelekwa popote penye pengo. Namfahamu mwalimu aliyebobea katika breli ambaye alipelekwa kitengo cha viziwi katika shule moja, hajui ishara hata moja. Ni sawa na kumpa fundi cherehani jahazi alizibe, eti kwa kuwa wote ni mafundi. Aliyeumia zaidi hapo hakuwa mwalimu. Watoto walipoteza mwaka mzima, na mtoto kiziwi hana miaka ya kupoteza.

Sasa nifike kwenye mikono.

Mwalimu wetu wa Lugha ya Ishara ya Kenya alikuwa kiziwi. Siku ya kwanza aliingia, akafunga mlango, akaanza somo. Hakuna mkalimani, hakuna sauti. Kufikia saa ya mapumziko tulikuwa tumejua kusalimiana, kuuliza jina na kusema tunatoka wapi, na kila mmoja alikuwa na maumivu ya shingo kwa kutoa macho. Mapema sana alitufundisha kwamba uso ni sarufi. Ukiuliza swali la ndiyo au siyo, nyusi hupanda. Ukiuliza nani, nini, wapi, nyusi hukunjana, na mara nyingi neno la kuuliza huja mwisho wa sentensi. Mtu anayeishara kwa uso uliolala ni sawa na anayesoma kwa sauti bila kituo wala mkato.

Alitufundisha pia kutofautisha mambo mawili ambayo watu wanaosikia huyachanganya. Ipo Lugha ya Ishara ya Kenya, lugha ya viziwi wenyewe, yenye mpangilio wake wa maneno. Na upo mtindo wa kuchukua sentensi ya Kiingereza na kuitilia ishara neno kwa neno, pamoja na viambishi vyake. Mtindo huo wa pili umetumika sana mashuleni. Mwalimu anayesikia huupenda kwa kuwa unamruhusu aendelee kufikiri kwa Kiingereza huku mikono ikifuata. Mtoto kiziwi hupata mfululizo wa maneno usiokuwa lugha yake wala ya mwalimu. Na kabla ya hapo, kwa miaka mingi shule za viziwi ziliwakataza watoto kuishara kabisa, zikawafundisha kusoma midomo na kutamka. Nilikutana na viziwi watu wazima Nairobi walionisimulia jinsi walivyokuwa wakiongea kwa mikono chini ya dawati. Mradi wa utafiti wa lugha hii ulianzishwa Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1991, na Katiba ya mwaka 2010 ikaitaja kwa jina: kifungu cha 7 kinaitaka serikali iiendeleze, na kifungu cha 120 kinaifanya kuwa lugha rasmi ya Bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Wanafunzi viziwi huitahiniwa katika KCSE mahali pa Kiswahili. Hii si lugha ya kubahatisha.

Vipindi vya darasani havikunitosha, na sidhani vinamtosha mtu yeyote. Ishara zangu zilikomaa bwenini na nje ya geti. Tulikuwa na wanafunzi wenzetu viziwi, walimu kama sisi, na jioni baada ya chakula walikaa pamoja wakizungumza. Mwanzoni nilikaa pembeni nikishika neno moja katika kumi. Mwanamke mmoja kutoka Nyanza alinivuta nikae katikati, akakataa kabisa kuniandikia kwenye karatasi. Nikikwama, alirudia kwa ishara nyingine, na nyingine, mpaka nishike. Ndiye aliyenipa jina langu la ishara, maana mtu anayesikia hajipi mwenyewe, hupewa na viziwi. Jumapili tulikwenda ibada za viziwi mjini, nami Mwislamu nilikaa nikisoma mikono ya mhubiri, kisha tukanywa chai kibandani na mjadala ukaendelea. Ndiyo sababu nasema anayeweza akae bwenini. Diploma ataipata popote. Zile jioni hazimo kwenye silabasi.

Yakaja mazoezi ya kufundisha. Nilipangiwa shule moja ya viziwi, jina nitaliacha. Mkaguzi aliyekuja kunitathmini alikuwa mpole na mwenye heshima, lakini hakujua ishara. Aliketi nyuma, akasoma azimio la kazi, akasoma maandalio ya somo, akapitia rekodi za maendeleo ya wanafunzi, akatazama dakika thelathini na tano za mikono, akanipa alama nzuri. Nilishukuru. Lakini kama ningekuwa napunga mikono hewani bila maana yoyote, na watoto wakitikisa vichwa kwa adabu kama watoto viziwi wanavyojifunza kufanya, mkaguzi yule asingejua. Na nilikuwa nimeshaona darasa la namna hiyo: mwalimu mwenye vyeti kamili, ubao umejaa, watoto wameketi sawasawa, na hakuna kinachopita kati yao. Kila mahali ambapo sheria ilitaka ithibitishiwe kwamba ninafaa, ilithibitishiwa kwa karatasi.

Nilipomaliza nilipeleka cheti kipya TSC kiingizwe kwenye faili yangu, nikaomba uhamisho kwenda kufundisha viziwi. Haukuja kesho yake. Anayemaliza leo ajue hivyo: diploma haikuhamishi yenyewe. Omba kwa maandishi, weka nakala, fuatilia ofisi ya kaunti kwa adabu na bila kuchoka.

Darasani kwenyewe nilijifunza yale ambayo mtu hujifunza kwa kuyafanya. Madawati yapangwe nusu duara, kila mtoto amwone mwenzake, kwa sababu mtoto asiyeona mikono ya mwenzake hajasikia jibu lake. Usisimame na dirisha mgongoni, uso wako utakuwa kivuli. Usiishare ukiandika ubaoni. Andika, geuka, subiri macho yote yakufikie, ndipo uanze. Ukiwaonyesha picha, wape muda waitazame, kisha uwarudishe kwako, maana hawawezi kutazama picha na mikono yako kwa wakati mmoja. Mwalimu anayesikia huona kusubiri huko ni kupoteza muda. Ndilo somo lenyewe.

Vifaa vya kusaidia kusikia vina mambo yake. KISE nilijifunza kutengeneza kibonye cha sikio, kile kiungo laini kinachokaa ndani. Mtoto hukua na sikio lake hukua, kibonye kikawa kidogo, sauti ikavuja na kifaa kikaanza kupiga mluzi. Wazazi wengi hufikiri kimeharibika, wakakiweka kabatini. Muulize kwanza mtoto ana kibonye hicho tangu lini. Na sisi wa Pwani tuna jasho na unyevu wa bahari, vinavyoua kifaa taratibu, basi usiku kiwekwe ndani ya kopo lenye kifuniko pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu. Kifaa pia si dawa. Kwa mtoto ambaye mstari wake uko chini kabisa ya karatasi, kitamsaidia kujua kwamba mlango umegongwa. Hakitampa hadithi.

Jambo lililo zito kuliko yote ni hili. Watoto viziwi wengi sana huzaliwa na wazazi wanaosikia. Mtoto anayesikia huingia shule ya nasari akiwa na lugha nzima kichwani, kazi yako ni kuipa herufi. Mtoto kiziwi anaweza kukufikia akiwa na miaka saba, minane, hana lugha yoyote. Si kwamba hana akili. Anajua njia ya kisimani, anajua kuchunga, anajua nani ndani ya nyumba ana hasira leo. Lakini hana neno la jana, hana neno la kesho, na wengine hawajui kwamba wana jina. Mwalimu wa kawaida hakuandaliwa kwa hali hii, na hata diploma hugusa tu. Muhula wa kwanza simwekei mtoto kama huyo lengo la hesabu wala kusoma. Naweka lengo la lugha: apate watu wa kuzungumza nao, awe karibu na watoto wakubwa wanaoishara vizuri, ale nao, acheze nao, alale bweni moja nao. Watoto wakubwa humfundisha mara kumi kuliko mimi. Kazi yangu ni kuona kwamba hakai peke yake, na kwamba ninapomwambia kitu, nakisema kwa mikono iliyonyooka.

Halafu kuna nyumbani. Siku za wazazi kututembelea, sisi hufundisha ishara kwa saa nzima kabla ya mazungumzo ya karo na sare. Yuko baba mmoja mvuvi aliyekuwa akiniambia kila mara, "Mwalimu, mimi na mwanangu tunaelewana." Na ni kweli, baharini walielewana. Tulipomfundisha kuuliza "umeota nini?" mtoto alimsimulia ndoto kwa muda mrefu, na baba akawa ananigeukia nimfasirie. Muhula uliofuata alikuja mapema kabla ya wazazi wengine, akaketi mbele.

Mtaala wa umilisi umeleta njia mbili kwa watoto wenye mahitaji maalum: wale wanaofuata viwango kwa umri kama wenzao, na wale wanaofuata hatua kwa hatua kulingana na uwezo. Watoto viziwi wasio na ulemavu mwingine hufuata njia ya kwanza, hivyo mwalimu wao ni lazima ajue masomo ya kawaida barabara. Hapa naona wale waliotutaka tuwe walimu wa kawaida kwanza walikuwa na hekima. Miaka yangu ya Kwale haikuwa ya kusubiri. Nilijifunza kugawa somo, kujua mtoto anakwama wapi, kupanga kazi ya darasa kubwa. Anayejua ishara lakini hajui kufundisha sehemu za kumi, naye hamsaidii mtoto.

Mwaka 2021 TSC ilizindua mafunzo ya kitaaluma ya kila mwalimu kazini, moduli sita, kila moja ya miaka mitano, na walimu ndio waliotakiwa kugharamia. Malalamiko yamekuwa mengi, hasa kuhusu gharama, na nayaelewa kabisa, kwa kuwa mshahara wa mwalimu naujua. Lakini wazo kwamba idhini ya kufundisha ipimwe tena baada ya muda silipingi. Ninachouliza ni kipimwe nini.

Kwa walimu wa viziwi nataka ipimwe lugha. Si kwa mtihani wa kuandika majina ya ishara kwenye karatasi. Mwalimu aketi mbele ya mtu kiziwi, wazungumze robo saa kuhusu mambo ya kawaida, kisha asimulie hadithi na aulizwe maswali, naye afundishe dhana moja ya sayansi kwa mikono. Afanye hivyo kabla ya kupewa darasa la viziwi, na arudie baada ya miaka kadhaa. Asiyefaulu asifukuzwe. Apewe muhula mmoja wa kuishi na kufanya kazi miongoni mwa viziwi, mshahara wake ukiendelea, halafu apimwe tena. Na wapimaji wasitafutwe mbali. Wapo walimu viziwi waliosomea kazi hii katika vyuo vile vile tulivyosomea sisi. Wana diploma, wana namba za TSC, wana miaka darasani, na wengi wao hawajawahi kuombwa kumkagua mtu yeyote.